Salama Chini ya Magodoro

Alikuwa na kanuni moja maishani na hakuivunja hata siku moja: mtu akikuuliza hali, mjibu kwamba ni nzuri, uwe mzima au uwe unakata roho. Aliipata kwa mama yake, mwanamke mnyoofu aliyekuwa akimwambia, "Anayekusalimu hajakuomba umtwishe matatizo yako. Mjibu nzuri, mwache mtu wa watu aende zake." Mtoto alisikia, akashika, akakua nayo mpaka nywele zikaanza kuingia mvi. Kiwandani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Salama.

Mbwa wa jirani alipomng'ata pajani, mwenye mbwa alitoka mbio huku akitweta, na kwa sababu ya kuchanganyikiwa akasema, "Jirani, habari za asubuhi?" Bwana Salama akajibu, "Nzuri kabisa, za kwako?" na mbwa bado anamning'inia kwenye suruali. Upepo ulipoezua paa la nyumba yake, alisimama sebuleni akitazama mawingu. Fundi wa mabati akapita, akamuuliza za nyumbani. "Za nyumbani salama," akasema, "ila hewa imeongezeka." Fundi akashukuru, akaenda zake. Ilibidi mke wa Bwana Salama ajifunge kanga kiunoni na kumkimbiza fundi yule mpaka barabara kuu.

Watu wengi waliona hayo ni adabu, wakamsifu. Adabu ni jambo jema na dunia ingekuwa tamu kama ingekuwa nayo zaidi. Lakini ukweli nao una haki yake. Mtu anayeuficha kila siku ili asiwakwaze wengine hufika mahali akauhitaji sana, akaukuta umeshazoea kujificha.

Alifanya kazi katika kiwanda cha magodoro, upande wa ghala. Mtu asidhani godoro ni kitu chepesi. La sponji, sawa, hata mtoto hulibeba kichwani. La springi la watu wawili, lenye fremu ya chuma, hutaka wanaume wawili na kutukanana kidogo. Yalikuwa yakilazwa moja juu ya jingine mpaka karibu na dari, halafu yanafungwa kamba. Kamba zilikuwa zimechakaa na wafanyakazi walishalalamika mpaka wakachoka. Asubuhi moja, wenzake wakiwa ndio kwanza wamekaa kunywa chai, kamba ilikatika na rundo zima likamshukia Bwana Salama.

Wenzake waliruka. Palikuwa na vumbi na kilima cha magodoro, mtu haonekani.

"Bwana Salama!" akaita mmoja. "Uko salama?"

Sauti ikatoka chini kabisa, nyembamba kama ya redio iliyoishiwa betri. "Salama! Ninyi hamjambo?"

"Hatujambo! Chai inapoa huku!"

"Kunyweni tu, jamani. Msijali."

Wakanywa. Walikuwa watu wema na si haki kuwalaumu sana; waliuliza, wakajibiwa. Mmoja wao hata alipaza sauti kuuliza kama wamwekee mkate, naye akasema wamwekee, lakini wasijinyime. Vikombe vilipokwisha ndipo wakaanza kupakua magodoro. Wakamkuta amelala kifudifudi, anatabasamu, na hawezi kuinuka.

Daktari alitazama picha za eksirei akakunja uso. Pingili mbili za chini ya mgongo zilikuwa zimesogea na kubana mshipa wa fahamu. Upasuaji ungeweza kuzirudisha mahali pake, alisema, lakini usicheleweshwe. Pingili zikikaa hivyo kwa muda mrefu zitashikana, na zikishashikana hakuna mkono wa binadamu utakaozitenganisha bila kuhatarisha miguu. Gharama yake haikuwa ya mtu wa ghalani. Kwa sheria, aliyeumia kazini hulipiwa na mwajiri.

Mwajiri akakataa. Meneja alisema godoro la kiwanda chake limebuniwa mahususi kwa ajili ya kutunza mgongo, hivyo haliwezi kuwa ndilo lililouumiza. Kwa moyo wa huruma alituma gari limpelekee mgonjwa pole, na pole yenyewe ilikuwa godoro jipya. Daktari alikuwa ameshamwamuru alale juu ya mbao. Godoro likasimamishwa ukutani sebuleni, bado limo ndani ya nailoni yake, likawa linawatazama wageni.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Aliingia kumjulia hali, akasimama mbele ya lile godoro, akalitazama juu mpaka chini.

"Shemeji, ndiye huyu mshitakiwa?"

"Kaka, acha utani," akasema dada yake.

"Nauliza tu. Watu wanagongwa na magari, wanaanguka kwenye minazi. Huyu mume wako ameumizwa na usingizi! Haya shemeji, unajisikiaje?"

"Nzuri tu, shemeji," akajibu Bwana Salama, jasho la maumivu likimtiririka mpaka shingoni.

Chama cha wafanyakazi kikampa wakili, binti mmoja ambaye hakupoteza maneno. Alimwita Bwana Salama baba, naye akamwita mwanangu. Shauri likaenda mahakama ya kazi. Daktari akatoa ushahidi, picha zikaonyeshwa. Kisha akasimama wakili wa kampuni, mtu wa suti iliyonyooka na sauti laini.

"Mzee, ulipokuwa chini ya magodoro, wenzako walikuuliza hali?"

"Waliniuliza. Ni watu wa adabu."

"Ukawajibu nini?"

"Salama."

"Na leo asubuhi pale mlangoni, mimi nimekuuliza habari za mgongo. Ukanijibu nini?"

"Nzuri, tunashukuru Mungu."

"Basi mwambie mheshimiwa hakimu, na ukumbuke umekula kiapo. Ulitudanganya sisi, au unaidanganya mahakama?"

Bwana Salama akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sikumdanganya mtu," akasema. "Nilikuwa naitikia salamu."

Hakimu aliandika yote, neno kwa neno, kisha akaamua kwamba eksirei ina uzito kuliko salamu. Akaiamuru kampuni ilipie upasuaji na kumpa mgonjwa fidia. Kinyozi alipiga vigelegele kortini kama mama wa bibi harusi, mpaka askari akamtoa nje.

Furaha ile haikudumu. Kampuni ikakata rufaa, na papo hapo ikapata amri ya kuzuia malipo yote mpaka rufaa isikilizwe. Sababu yao ya kwanza ya rufaa ilikuwa kwamba hakimu alikosea kutozingatia maneno ya mdai mwenyewe, aliyoyakiri chini ya kiapo, kwamba habari za mgongo wake ni nzuri. Wakili yule wa kampuni alijua fika maana ya salamu. Alizaliwa na kulelewa na watu wanaosalimiana. Kuichukua adabu ya mtu ukaifanya kamba ya kumfungia ni uovu, hata ukiuandika kwa lugha safi na kuupiga muhuri.

Binti wakili alikuja nyumbani kuwaeleza. Akakaa mkabala na godoro.

"Rufaa si kesi mpya, baba. Majaji hawaiti mashahidi tena. Wanasoma yaliyoandikwa kule chini, wanatusikiliza sisi mawakili, wanaamua. Wewe unakuja, unakaa, unanyamaza."

"Hilo ataliweza," akasema mkewe. "Na huo mgongo utasubiri mpaka lini? Daktari kila tukienda anatikisa kichwa."

"Ndiyo maana siku hiyohiyo nitaomba amri ya dharura, mama. Upasuaji ulipiwe kwanza, mengine yafuate. Hapo ndipo jaji anaweza kumuuliza baba neno moja au mawili. Akiulizwa, aseme ukweli."

"Mimi siku zote nasema ukweli, mwanangu," akasema Bwana Salama.

Mkewe akapatwa na kikohozi cha ghafla.

Hawakumwamini, na walikuwa na sababu. Jumamosi kinyozi akampeleka dukani kwake, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akajitanda taulo mabegani iwe joho la jaji. Wateja waliokuwa wakingoja zamu wakageuka kuwa jopo.

"Mzee," akaanza kinyozi kwa sauti nzito, "hali yako ikoje?"

"Nzu—"

Chanuo likagonga utosi wa Bwana Salama. "Tena! Hali yako ikoje?"

"Nzuri kid—"

Chanuo. "Shemeji, mbona unataka kuniulia dada yangu na umaskini? Sema mbaya. M, ba, ya. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Sasa shemeji, nitamwambiaje mtu mzima mwenye heshima zake kwamba hali ni mbaya? Yeye kanikosea nini?"

"Hajakukosea! Anataka kujua!"

"Akitaka kujua ataona mwenyewe ninavyotembea."

Wateja wakacheka mpaka mmoja, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu, akashuka kitini kumwonyesha namna ya kulalamika. Alijishika kiuno, akatoa macho, akaugua kama ng'ombe. Bwana Salama akamwangalia kwa huruma, akamuuliza kama ameshaenda hospitali.

Hata hivyo wakakazana naye, na jua lilipoelekea kuzama alikuwa ameweza. Alisema "mbaya" mara tatu mfululizo, ingawa kwa tabasamu pana kama la mtu anayetangaza harusi. "Punguza meno," kinyozi akamsihi, "utapewa faini." Akapunguza. Duka zima likampigia makofi. Ndipo akapita bibi mmoja mlangoni na kapu lake, akasema, "Mwanangu, habari za siku nyingi?"

"Nzuri sana, mama yangu! Sina hata mafua!"

Kinyozi akavua joho, akalitupa sakafuni.

Siku ya rufaa walipanda ngazi za mahakama pole pole, Bwana Salama katikati, mkewe na shemeji wakimshikilia huku na huku, yeye akiwaomba radhi wote waliokuwa wakipishana naye. Ukumbi ulikuwa na mabenchi magumu na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Wakili wa kampuni alikuwa mlangoni, amejishika taya. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama amefumbata chungwa ndani.

Bwana Salama hangeweza kumpita mtu bila salamu, hata adui. "Wakili, hujambo? Pole. Habari za jino?"

"Nzhuri," akasema wakili, machozi yakimlengalenga. "Nzhuri tu, mzhee."

Binti wakili alikuwa nyuma yao. Alisikia, akafungua mkoba wake akatafuna bigijii, jambo ambalo alilifanya tu alipokuwa na furaha.

Majaji watatu wakaingia. Aliyekaa katikati alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito, na mbele yake mafaili yamepandana mpaka akawa anachungulia juu yake. Wakili wa kampuni akasimama, akaeleza sababu ya kwanza kwa dakika nyingi na mate mengi. Mtu, alisema, ndiye ajuaye hali yake kuliko daktari. Mtu akisema ni mzima, tena akiwa amelemewa na magodoro yenyewe, mahakama ni nani hata imkanushe?

Zamu ya binti wakili ikafika. "Waheshimiwa," akasema, "kuhusu sababu ya kwanza sina maneno mengi. Naomba ruhusa nimuulize mwenzangu jambo moja tu. Kaka, habari za jino?"

"Nzhuri," akasema wakili wa kampuni kabla hajajizuia.

Kisha karani akaziba mdomo kwa mafaili. Jaji wa kulia akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Jaji wa katikati akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa utaratibu hilo si swali la kuulizwa hapa," akasema hatimaye, "lakini jibu limeingia masikioni. Wakili, ukitoka hapa nenda kwa daktari wa meno. Mahakama imeelewa kwamba salamu si ushahidi."

Kinyozi alitaka kupiga vigelegele. Dada yake akamkanyaga. Bwana Salama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akimwonea wakili huruma kwa shavu lile.

Lilibaki ombi la dharura. Binti wakili akaeleza alivyosema daktari: pingili zinashikana, kila wiki inayopita inachukua kitu, na upasuaji wa kuchelewa ni sawa na kukosa upasuaji. Akaomba amri itolewe siku hiyo. Wakili wa kampuni akapinga kwa kifupi, kwa sababu ya taya, akasema mgonjwa anatembea mwenyewe na hakuna karatasi mpya ya daktari inayosema vinginevyo. Hilo lilikuwa kweli. Daktari alikuwa ametikisa kichwa, hakuwa ameandika.

Jaji wa katikati akayasogeza mafaili pembeni ili amwone mzee.

"Mzee, pole sana," akasema kwa upole. "Kaa tu, usisimame. Nikueleze. Likizo ya mahakama inaanza kesho. Tunaweza kukaa leo tukaandika amri ya upasuaji, kama huwezi kungoja. Au tuyaandike yote pamoja katika hukumu, tutakaporudi. Wewe ndiye mwenye mgongo. Unaweza kusubiri?"

Ukumbi ukatulia, feni nayo ikawa kama inasikiliza. Kinyozi akachezesha midomo bila sauti: m, ba, ya. Mkewe akamfinya mkono mpaka kucha zikaacha alama. Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Akamtazama yule mama. Akaona macho yaliyochoka nyuma ya miwani. Akaona rundo la mafaili, na akili yake ikaenda kwenye rundo jingine analolijua na uzito wake. Tangu azaliwe hakuna mkubwa wa kiasi kile aliyewahi kumuuliza hali yake kwa sauti laini namna ile. Angemjibuje vibaya?

"Hamna shida, mheshimiwa," akasema Bwana Salama. "Msijisumbue kwa ajili yangu. Nitasubiri."

Kinyozi akapiga kichwa kwenye benchi la mbele.

Binti wakili alikuwa ameshasimama. "Waheshimiwa, naomba radhi, mteja wangu ana mazoea ya kujibu hivyo hata akiwa—"

"Wakili," jaji akamkatiza, si kwa ukali, "wewe mwenyewe umetufundisha sasa hivi kwamba salamu si ushahidi, nasi tumekubali. Lakini mimi sikumsalimu. Nimemweleza mambo mawili, nikamuuliza lipi analiweza, amejibu. Sina karatasi ya daktari mkononi. Nisipomsikiliza yeye, nimsikilize nani? Hukumu baada ya likizo."

Nyundo ikagonga.

Kwenye ngazi mkewe hakusubiri hata wafike chini.

"Msijisumbue? Baba watoto, wale wanalipwa mshahara wajisumbue!"

"Yule mama alionekana kachoka, mke wangu."

"Kachoka! Na mimi ninayekugeuza kitandani kama chapati, nimepumzika?"

"Shemeji," akasema kinyozi, nundu imeanza kumtoka kwenye paji la uso, "siku ukifa, malaika akikuuliza hali, utamwambia uko salama, akurudishe. Ndiyo faida pekee ninayoiona."

"Usimtanie, kaka."

"Simtanii. Nataka kulia tu, sijui nianzie wapi."

Bwana Salama alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Binti wakili, aliyekuwa akitembea mbele, alisimama akamngojea. "Baba," akamuuliza, na sauti yake haikuwa ya ofisini, "unaumwa sana?" Naye akafungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza hakujibu nzuri. Hakujibu lolote. Pale chini ya ngazi, mbele ya binti mmoja tu asiye na mamlaka ya kuamuru kitu, kile kimya kilikuwa kimechelewa.

Likizo ikaisha. Halafu jaji mmoja akaugua, hukumu ikaahirishwa. Halafu faili likapotea kati ya ghorofa mbili, likapatikana. Iliposomwa, kampuni ilishindwa katika kila sababu ya rufaa. Majaji waliandika kwamba kumjibu vizuri mtu anayekujulia hali ni mwenendo wa watu waungwana, na mwajiri haruhusiwi kuugeuza kuwa kinga ya kutolipa. Maneno hayo yalikuwa mazuri sana, na binti wakili alisema mawakili wengine watayatumia kuwatetea watu wao. Wakili wa kampuni, shavu limepona, alikuja kumpa mkono Bwana Salama, akaulizwa habari za jino, akasema limeng'olewa. Godoro la pole lilirudishwa kiwandani likiwa na nailoni yake, kinyozi amelibeba kichwani, akilitangaza njia nzima kuwa ni mfungwa aliyehukumiwa.

Malipo ya upasuaji yakatoka wiki ileile. Daktari akapiga picha mpya, akaziweka mbele ya taa pamoja na zile za zamani, akazilinganisha. Kisha akawageukia. Pingili zilikuwa zimeshikana. Angekuja kabla ya likizo ile ya mahakama, alisema, angempasua bila wasiwasi. Sasa hatazigusa, maana kisu kingeweza kumwachia miguu isiyosimama kabisa.

Alishinda rufaa yote. Fidia yake inaingia kila mwezi bila kuchelewa. Neno moja la adabu, lililosemwa mahali palipohitaji ukweli, lilimgharimu mgongo: hatasimama wima tena, wala hataifanya tena kazi ya mikono, ambayo ndiyo kazi pekee aliyoijua.